Hiyo Kompyuta Kuukuu Usiiuze kwa Kilo

Nianze na msimamo wangu ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kisu mapema. Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 1994 haifai kuwekwa kwenye intaneti ya leo. Kuilazimisha ni kumvalisha babu suruali ya mjukuu. Lakini hiyo si sababu ya kuipeleka kwa watu wa skrepa. Iunganishe na mtandao wa rika lake. Mtandao huo upo, unaitwa FidoNet, unaendeshwa na wapenzi wa kompyuta bila kampuni yoyote nyuma yao, na nadhani unaifaa Korbesa kuliko unavyoifaa Westlands.

Kwa wasioijua, Korbesa iko kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, katika bonde la Ewaso Ng'iro. Ni nchi ya Waborana, ya ngamia na mbuzi na vumbi jingi. (Neno korbeessa kwa lugha ya huko ni beberu. Yule wa mbuzi, sio wa siasa.) Nina kompyuta tatu pale, nyuma ya duka la shemeji yangu: 486 moja yenye memori ya megabaiti 8, laptop ya Pentium MMX ambayo betri yake ilikufa zamani, na Pentium III ya mezani. Zote zilitupwa na ofisi moja Nairobi ilipokuwa ikihama. Vijana wa pale walipoziona swali la kwanza lilikuwa lile lile ambalo hata wewe ungeuliza: "Kaka, hii inaingia YouTube?"

Haiingii. Na ni vizuri tuelewe kwa nini, maana wengi hudhani kompyuta ya zamani inashindwa kwa sababu ni polepole. Upolepole ungevumilika. Tatizo la kwanza ni ufunguo. Tovuti karibu zote siku hizi hukaa nyuma ya usimbaji wa TLS toleo la 1.2 au 1.3, na kivinjari cha mwaka 1998 hakijui lahaja hiyo hata kidogo. Hubisha hodi, huambiwa hapana, basi. Hata mashine ambazo si za kale sana hufungiwa nje. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha muda cheti kimoja cha msingi ambacho tovuti nyingi zinazotumia Let's Encrypt zilikuwa zikikitegemea, na vifaa vingi ambavyo havikuwa vimesasishwa vikaanza kulalamika siku hiyo hiyo. Havikuwa vimeharibika. Kilichobadilika ni upande wa pili.

Tatizo la pili ni sisi watengenezaji wa programu. Ukurasa wa wavuti wa megabaiti 2 leo hakuna anayeushangaa. Piga hesabu: kwenye laini ya biti 2400 kwa sekunde, ambayo hupitisha herufi kama 240 kila sekunde, ukurasa huo ungechukua saa 2 na dakika 19 hivi. Barua ya herufi 2,000, yaani karatasi nzima ya maneno, hupita kwa sekunde 8 au 9. Ukiibana kwa zip hata nusu ya hapo haifiki. Sasa niambie, mtu wa Korbesa anayetaka kujua bei ya mbuzi soko la Merti anahitaji lipi kati ya hayo mawili?

Haya, FidoNet ni nini. Ulianzishwa mwaka 1984 na Tom Jennings, San Francisco. Alikuwa na programu ya ubao wa matangazo, ile ya mtu kupiga simu kwa modemu, anaingia, anasoma ujumbe, anaacha wake, anakata. Akataka ubao wake ubadilishane barua na ubao wa rafiki yake aliyekuwa Baltimore, upande wa pili wa Marekani. Simu za mbali zilikuwa ghali mchana na nafuu usiku, kwa hiyo kompyuta zikafundishwa kukusanya barua mchana kutwa, kisha usiku wa manane moja inampigia mwenzake, wanabadilishana mafurushi na kukata simu haraka. Mwaka 1986 Jeff Rush wa Dallas akaongeza mijadala ya pamoja, ambapo ujumbe wa mtu mmoja husambaa kwenye bao zote. Kila kituo kina anwani ya namba: kanda, mtandao, kituo. Kanda ya 1 ni Amerika ya Kaskazini, ya 2 ni Ulaya, na Afrika tulipewa namba 5.

Ndiyo, tulikuwa na kanda yetu. Hapa ndipo huwa nakasirika kidogo. Vijana wetu wanafundishwa kwamba historia ya mtandao Kenya inaanza na nyaya za baharini za 2009, au wakifundishwa vizuri sana, na kampuni za intaneti za katikati ya miaka ya tisini. Kabla ya hapo kulikuwa na watu waliokuwa wakituma barua pepe kutoka Nairobi kwa FidoNet. Kituo cha ELCI, shirika la mambo ya mazingira, kilikuwa na mtambo uliohudumia mashirika yasiyo ya serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa katika mradi wa ESANET uliounganisha vyuo vya mashariki na kusini mwa Afrika. Kampala kulikuwa na MUKLA pale Makerere, ikiendeshwa na Charles Musisi. Addis Ababa kulikuwa na PADIS chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa. London, shirika la GreenNet lilikuwa na lango lililopokea mafurushi ya Fido kutoka Afrika na kuyaingiza kwenye intaneti kubwa. Lango jingine lilikuwa la Randy Bush kule Oregon, mtu yule yule ambaye pamoja na Shem Ochuodho alikuja kusimamia jina la .ke.

Mashine walizotumia ndizo hizi hizi tunazouza kwa kilo. Laini za simu zilikuwa mbovu kiasi kwamba modemu za kawaida zilikata katikati ya barua, ndiyo maana waliokuwa na uwezo walinunua Telebit Trailblazer, modemu iliyovumilia kelele kuliko nyingine. HealthNet wao walikwenda mbali zaidi: madaktari walipata barua na makala za tiba kupitia setilaiti ndogo, HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993. Setilaiti hiyo haikukaa juu ya mji mmoja. Ilipita mara chache kwa siku, ikapokea kilichokuwa tayari, ikashusha kilichokuwa chako, ikaenda zake. Kama basi.

Kisha mwaka 1995 KPTC, shirika la posta na simu la wakati huo, likatangaza kwamba huduma za intaneti nchini hazijaidhinishwa. Mwaka huo huo ARCC ya Ochuodho ilikuwa imeshaleta intaneti kamili. Unajua ilivyoishia. Intaneti ikashinda, Fido ikapungua, kanda ya 5 ikanyamaza. Sina kinyongo na intaneti, inanilisha. Ninachosema ni kwamba tulipotupa mtandao ule tulitupa na wazo lake, na wazo lilikuwa zuri: mtandao ambao haukuhitaji kila kitu kiwe hewani wakati mmoja.

Intaneti tunayoijenga leo hudhani mtu yuko hewani muda wote. Programu nyingi ninazolipwa kuandika, mtandao ukikatika kwa sekunde kumi, zinaanza kuzungusha kile kiduara na kuomba radhi. Korbesa umeme wa sola huisha, mtandao wa simu huyumba, mvua kubwa ikinyesha mto hufurika na barabara haipitiki. Mahali kama hapo programu inayodhani uko hewani ni programu iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Programu ya mwaka 1990 iliyoandikwa kwa ajili ya laini za simu za Nairobi ya wakati huo inaielewa hali hii vizuri kuliko mimi.

Sasa mambo ya fundi, maana najua kuna waliokuja kwa ajili ya haya tu. Kompyuta zangu tatu hazijaunganishwa moja kwa moja na dunia. Katikati kuna Raspberry Pi, ambayo ndiyo posta. Upande mmoja imeshikana na mashine za zamani kwa kebo za siriali, upande wa pili ina modemu ya simu. Juu yake nimeweka MBSE, programu ya Mholanzi mmoja, kwa sababu inajua lahaja mbili: EMSI ambayo mashine za DOS huzungumza, na binkp ambayo vituo vya Fido vya leo hutumia juu ya intaneti, mlango namba 24554. Kwenye 486 kuna DOS, kiendeshi cha X00, FrontDoor ya kusafirisha barua na GoldED ya kuzisomea. Mashine haijui kwamba mwaka umebadilika. Inadhani ina modemu na upande wa pili kuna ubao wa matangazo. Muache aamini hivyo.

Mambo mawili yatakusumbua. La kwanza ni volti. Siriali ya zamani hutoa volti kama 12 chanya na hasi, Pi inataka 3.3. Ukizifunga moja kwa moja utasikia harufu. Nunua kibodi kidogo chenye MAX3232, ni cha bei ndogo, weka katikati. La pili ni chipu ya siriali. Mashine za kale kabisa zina 8250 ambayo haina akiba, kila herufi inayoingia lazima ichukuliwe kabla ya inayofuata kufika, la sivyo imepotea. Hizo ziachie 9600, usizidishe. Zilizo na 16550A zina akiba ya herufi 16 na 38400 zinaimudu bila shida. 486 yangu ilikuja na 8250, nikaibadilisha kwa kadi niliyoipata kwenye rundo la vitu pale River Road.

Ah, na jambo la mwaka. Muundo wa barua wa Fido huandika mwaka kwa tarakimu 2 tu. Programu nyingine zikiona 26 hudhani ni karne iliyopita na kufuta barua zako kama mabaki. Zima ufutaji kwa umri kabla hujapokea chochote.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote sikukitarajia. Mtandao huu ulitengenezwa na Wamarekani kwa herufi za Kiingereza, na mataifa mengine yaliteseka nao sana. Warusi walipata balaa la ajabu: herufi yao kubwa Н iliangukia namba ambayo programu za Fido ziliichukulia kama alama ya kukata mstari, kwa hiyo ilikuwa ikimezwa njiani, na wakazoea kuandika H ya Kilatini mahali pake. Wafaransa na alama zao juu ya herufi nao walikuwa na yao. Kiswahili kimepita kama maji. Hakuna herufi hata moja tunayoihitaji ambayo haimo kwenye ASCII, pamoja na ng' na kialama chake. Kiborana kikiandikwa kwa alfabeti ya qubee ni hivyo hivyo. Barua ya kwanza kutoka Korbesa iliyofika kwenye Pi ilikuwa nusu Kiswahili nusu Kiborana, inauliza kama mvua imefika Isiolo mjini, na ikatoka upande wa pili bila doa.

Najua pingamizi. Mwenzangu mmoja wa kazini, mtu ninayemheshimu, aliniambia hivi: wewe unawachezea watu wa mashambani, wape WhatsApp waendelee na maisha. Kwanza, WhatsApp wanayo wenye simu zinazoikubali, na hakuna anayewanyang'anya. Lakini WhatsApp huacha kuhudumia simu za zamani kila baada ya muda fulani, na siku hiyo ikifika huna wa kumlalamikia. Pili, na hili ndilo langu hasa, kijana anayetumia WhatsApp hajifunzi kitu kuhusu mtandao. Anaukuta umekamilika kama soda dukani. Kijana anayekaa na 486 na FrontDoor anaona furushi likifungwa, anaona likibanwa, anaona modemu ikijitambulisha kwa mwenzake, na barua ikikwama anaweza kulifungua faili na kuona imekwama wapi. Mmoja wao, msichana wa darasa la nane, alipata mwenyewe kwa nini barua za laptop zilikuwa zikirudi: namba ya kituo kwenye faili ya mipangilio ilikuwa na sifuri ya ziada. Hakuna aliyemfundisha. Aliisoma tu, kwa sababu faili lilikuwa la maandishi na lilikuwa mbele yake.

Pingamizi la maana zaidi ni la siri. Barua za Fido hazisimbwi. Mwenye kituo akitaka kusoma anasoma, na kwenye mji mdogo mwenye kituo ni shemeji ya mtu. Hili silipuuzi. Bei za mifugo, habari za mvua, maswali ya shule, salamu: sawa. Mambo ya hospitali, ya ndoa, ya pesa: hapana, na tumebandika karatasi ukutani inayosema hivyo kwa lugha mbili. Wazee wa Fido walikuwa na ugonjwa mwingine pia, ugomvi. Wenye vituo walifukuzana mtandaoni kwa sababu ambazo ukizisoma leo unacheka. Mtandao usio na kampuni haumaanishi mtandao usio na wababe.

Umeme nao. Nilitoa ile skrini ya kioo kikubwa siku ya pili tu, maana peke yake ilikuwa ikimaliza betri ya sola kabla ya saa nane. Laptop ndiyo farasi wa kazi. 486 huwashwa jioni kwa nusu saa, inachukua barua, inatuma, inazimwa. Pi inabaki macho, nayo inakula umeme kidogo kuliko balbu. Anayeniambia kompyuta za zamani ni bure hajawahi kuzilisha.

Na mtandao wa simu ukipotea kabisa? Hapo ndipo ninapopapenda. Furushi la Fido ni faili. Halijali limefikaje. Mwaka 2003 kule Ratanakiri, Kambodia, shule zilipata barua pepe kwa pikipiki za Honda zilizofungwa vifaa vya redio: zinapita, zinachukua, zinaondoka. Sisi hatuhitaji hata redio. Faili linawekwa kwenye flashi, flashi inapewa mtu anayesafiri kwenda Isiolo, pale inachomekwa kwenye mashine nyingine na barua zinaendelea na safari. Wenyeji hawakuona ajabu yoyote. Kwao msafiri akifika lazima aulizwe odu, yaani habari, kabla hata hajakaa. Ni flashi tu iliyoongezeka.

Kuna wapenzi wengine duniani wanaofanya mambo makubwa kuliko haya. Wale wa HECnet, kwa mfano, huunganisha PDP-11 na VAX za zamani kwa DECnet, mtandao wenye nafasi ya maeneo 63 na mashine 1,023 kila eneo, ukipita kwa siri ndani ya intaneti ya kawaida. Nawavulia kofia. Ila mashine hizo huku hazikuja kwa wingi, na umeme wake ni wa kiwanda. Kilichojaa huku ni DOS na Windows za zamani, na zinaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nayo haziwezi kupokea Windows 11 kwa kukosa kichipu cha TPM 2.0. Zitakwenda wapi? Sehemu yake zitapakiwa kwenye makontena na kuletwa Mombasa kwa jina la msaada. Tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo inamtaka mzalishaji awajibike kwa taka zake, lakini kontena lenye maandishi ya "msaada kwa shule" ni gumu kulirudisha. Mashine hizo zitafika. Ni afadhali zikute tumeshajua la kufanya nazo kuliko zikae kwenye chumba kilichofungwa ufunguo hadi panya wamalize nyaya, kama nilivyoona mahali pengi.

Kwa anayetaka kuanza: usiwashe 486 kabla hujaifungua. Tafuta kwenye ubao mkuu betri ndogo yenye umbo la pipa. Nyingi za enzi zile zimevuja, na maji yake hula njia za shaba. Ikate, safisha kwa siki na mswaki, suuza, anika siku mbili kivulini, sio juani. Kisha kebo: waya namba 2 na 3 zikatane, 7 na 8 zikatane, 5 iende moja kwa moja. Ukishapata herufi zinapita kutoka mashine moja hadi nyingine, nusu ya kazi imeisha, na iliyobaki unaweza kuifanya umekaa.